Madaraja ya sarafu na mabadiliko ya muhuri

Upangaji wa madaraja ya sarafu ni kazi ya kupima hali ya sarafu ili kujua imechakaa kiasi gani tangu ilipotoka kiwandani. Madaraja hutumiwa na wakusanyaji, wauzaji, makumbusho na wataalamu wa elimu ya sarafu (numismatiki) katika kulinganisha sarafu na kukadiria bei zake.

Daraja hupimwa kwa kuangalia alama zilizobaki juu ya sarafu, kama vile nywele za kichwa, manyoya ya ndege, herufi na mikunjo ya nguo. Lakini alama isiyoonekana si lazima iwe imefutika kwa kupita mikononi mwa watu. Huenda haikuwepo tangu mwanzo, kwa sababu muhuri uliogonga sarafu hiyo ulikuwa na mchoro tofauti, ulikuwa umechakaa, au haukukandamizwa kwa nguvu ya kutosha. Kwa hiyo anayepanga daraja hana budi kujua kwanza sarafu ya aina ile ilionekanaje siku ilipotengenezwa.

Makala hii inaeleza jambo hilo kwa mifano ya sarafu za Marekani, ambako mfumo wa madaraja wa namba 1 hadi 70 ulianzia, pamoja na mifano michache ya sarafu zilizotumika Afrika ya Mashariki.

## Jinsi sarafu inavyogongwa

Sarafu hutengenezwa kwa kukandamiza kisahani cha metali kati ya mihuri miwili ya feleji. Kila muhuri umechongwa picha kwa kinyume: sehemu inayoinuka juu ya sarafu ni shimo ndani ya muhuri. Metali inapobanwa kwa nguvu kubwa hutiririka na kujaza mashimo hayo.

Mashimo yenye kina kirefu ndiyo hujaa mwisho. Tena, kama sehemu ya kina kirefu upande wa mbele inaelekeana na sehemu ya kina kirefu upande wa nyuma, zote mbili hugombania metali ileile. Nguvu ikipungua, au mihuri ikiwa mbali kidogo, sehemu hizo hubaki bapa hata kwenye sarafu mpya kabisa.

Mihuri ya kazi hutengenezwa kutoka kwa muhuri mama. Muhuri mama ukibadilishwa, sarafu zote zinazofuata hubadilika. Muhuri mmoja wa kazi ukiharibika, sarafu zilizogongwa nao peke yake ndizo huonyesha kasoro hiyo. Kadiri muhuri unavyotumika, kingo za mashimo yake husagika na herufi hupoteza ukali wake. Wakati mwingine mihuri miwili hugongana bila kisahani katikati, nayo huachiana alama. Mafundi huzoea kuusugua muhuri ili kuziondoa alama hizo, na kwa kusugua huweza kuondoa pia sehemu za picha yenyewe.

## Mizani ya 1 hadi 70

Mizani hii ilitolewa na Mmarekani William H. Sheldon katika kitabu chake kuhusu senti kubwa za shaba za Marekani kilichochapishwa mwaka 1949. Kitabu kilihusu senti za miaka 1793 hadi 1814. Wakati ule mihuri ilikamilishwa kwa mkono, hivyo hakuna miwili iliyofanana kabisa. Sheldon aliipa kila jozi ya mihuri namba yake. Hivyo tangu mwanzo mizani ya madaraja ilikwenda pamoja na uchunguzi wa mihuri. Nia yake ilikuwa kwamba sarafu ya daraja la 70 iwe na thamani mara 70 ya sarafu ya daraja la 1. Bei za soko ziliacha kufuata hesabu hiyo, lakini namba zilibaki.

Baadaye mizani ilipanuliwa kwa sarafu nyingine zote za Marekani. Kampuni za kupanga madaraja kwa malipo, kama PCGS iliyoanza kazi mwaka 1986 na NGC iliyoanza mwaka 1987, huitumia na kuifungia kila sarafu ndani ya kasha gumu la plastiki lenye namba ya daraja.

Kwa ufupi madaraja makuu ni haya:

* Daraja la 4: umbo kuu linatambulika, alama za ndani karibu zote zimefutika.
* Daraja la 8: baadhi ya alama za ndani zimeanza kuonekana.
* Daraja la 12: alama kuu zote zinaonekana, ila zimelika.
* Daraja la 20: kuchakaa ni kwa wastani, alama ndogo nyingi ziko wazi.
* Daraja la 40: kuchakaa ni kidogo, kwenye sehemu zilizoinuka zaidi.
* Daraja la 50 hadi 58: kuna dalili ndogo tu za kuchakaa, na sehemu ya mng'ao wa kiwandani imebaki.
* Daraja la 60 hadi 70: sarafu haikuchakaa. Hapa tofauti hutokana na mikwaruzo, mng'ao na ubora wa kugongwa.

## Sababu za alama kukosekana

Alama inaweza kukosekana kwa sababu nne, na kila moja ina dalili zake:

1. Kuchakaa. Sehemu iliyoinuka imesuguliwa na vidole, mifuko na sarafu nyingine. Uso wake ni laini, rangi yake ni tofauti na uwanja unaoizunguka, na mng'ao wa kiwandani umetoweka hapo.
2. Kugongwa kwa udhaifu. Metali haikujaza muhuri. Sehemu iliyo bapa huonyesha vijishimo na mikwaruzo ya kisahani cha awali, na mng'ao haujakatika.
3. Muhuri uliochakaa au kusuguliwa. Herufi zimevimba au kufifia kwenye kingo zake, na mistari myembamba ya mtiririko wa metali huelekea ukingoni. Uwanja unaweza kuwa na mawimbi madogo.
4. Muundo uliobadilishwa. Alama haikuchongwa hivyo katika aina ile ya muhuri. Sarafu zote za aina hiyo huonekana vilevile, hata zisizochakaa.

Sababu ya kwanza pekee ndiyo hupunguza daraja kwa maana halisi ya kuchakaa. Ya pili na ya tatu huweza kupunguza bei na mvuto wa sarafu bila kuifanya iliyochakaa. Ya nne haipunguzi chochote, mradi mpangaji anaitambua.

## Muundo unaolika haraka

Mwaka 1913 Marekani ilitoa sarafu ya senti 5 iliyochorwa na James Earle Fraser, yenye kichwa cha Mwamerika asilia upande mmoja na baisani upande wa pili. Katika aina ya kwanza baisani alisimama juu ya kilima, na maneno ya thamani ya sarafu yaliandikwa juu ya kilima hicho. Kwa kuwa maandishi yaliinuka sana, ilionekana yangesagika upesi. Mwaka uleule muhuri ulibadilishwa: kilima kiliondolewa, ukawekwa mstari ulionyooka, na maneno yakashushwa chini yake ambako yalikingwa.

Lakini tarehe, iliyokuwa kwenye bega la Mwamerika asilia, iliachwa mahali palipoinuka. Matokeo yake ni kwamba sarafu nyingi sana za aina hii zimepoteza tarehe kabisa. Huko Marekani daraja la chini la sarafu hizi hutegemea kama tarehe inasomeka, na madaraja ya katikati hutegemea pembe ya baisani. Pembe ikionekana nzima hadi ncha, sarafu hufikiriwa kuwa ya daraja la 20 au zaidi.

Kipimo cha pembe hakifai kwa sarafu zote. Sarafu za mwaka 1926 za kiwanda cha Denver zinajulikana kwa kugongwa kwa udhaifu. Nyingine ambazo hazikuwahi kutumika zina kichwa cha baisani kilicho bapa. Anayehesabu pembe tu angeziweka katika daraja la sarafu zilizotembea sokoni miaka mingi.

Robo dola ya mwaka 1916, iliyochorwa na Hermon MacNeil, ilikuwa na tatizo hilohilo. Tarehe iliandikwa kwenye ngazi chini ya miguu ya mwanamke anayewakilisha Uhuru, nayo ilisagika mapema. Mwaka 1925 sehemu ya tarehe ilizamishwa kidogo ndani ya muhuri mpya, na tangu hapo tarehe hudumu. Kwa hiyo sarafu ya mwaka 1924 yenye tarehe hafifu na sarafu ya mwaka 1927 yenye tarehe hafifu hazikuchakaa kwa kiasi kimoja. Ile ya pili imetumika zaidi, kwa sababu tarehe yake ilikingwa na bado imelika.

Mwaka 1916 zilitengenezwa robo dola 52,000 tu za aina hii, na mwaka uliofuata mamilioni. Ikiwa tarehe imefutika, mwaka hutambulika kwa tofauti ndogo za mihuri, kama nywele za mwanamke na mikunjo ya vazi karibu na miguu. Sarafu isiyo na tarehe ambayo mwenyewe angeiuza kwa bei ya uzito wa fedha inaweza kuwa mojawapo ya hizo 52,000.

Mnamo mwaka 1917 muundo ulibadilishwa tena: mwanamke alivikwa deraya kifuani na nyota tatu ziliwekwa chini ya tai. Asiyejua mabadiliko hayo anaweza kudhani kifua cha sarafu ya aina ya kwanza kimesagika, kwa kuwa hakina alama za pete za deraya.

## Muundo uliobadilishwa na wachongaji

Mfano ulio wazi zaidi ni dola ya fedha iliyochongwa na George T. Morgan mwaka 1878. Sarafu za kwanza zilikuwa na tai mwenye manyoya 8 ya mkia. Katika mwaka uleule manyoya yalipunguzwa kuwa 7, na mihuri kadhaa ya zamani iligongwa upya kwa mchoro mpya, hata ncha za manyoya ya awali zikabaki zikionekana chini ya yale mapya. Kisha ukaja mchoro wa tatu wa upande wa nyuma.

Mchoro wa pili na wa tatu hutofautiana kwenye kifua cha tai. Katika mchoro wa pili kifua ni bapa, na unyoya wa juu wa mshale uko sambamba na ule ulio chini yake. Katika mchoro wa tatu kifua ni cha mviringo, na unyoya huo umeinama. Kifua cha tai ndiyo sehemu ambayo wapangaji huitazama kwanza kutafuta dalili za kuchakaa. Mtu aliyezoea sarafu za miaka ya 1880 akikutana na sarafu yenye mchoro wa pili huona kifua bapa na kuishusha daraja bila haki. Mwaka 1879 kiwanda cha San Francisco kilitumia michoro yote miwili, kwa hiyo hata tarehe na alama ya kiwanda hazitoshi kuamua. Inabidi kutazama mshale.

Tena dola hizohizo zilizotoka New Orleans, zenye alama ya herufi O, mara nyingi ziligongwa kwa udhaifu, hasa miaka ya mwanzo ya 1890. Nywele zilizo juu ya sikio na manyoya ya kifua hazikujaa. Hapo kifua bapa si mchoro wala kuchakaa, bali ni metali iliyoshindwa kufika.

Dola ya Amani ya mwaka 1921, kazi ya Anthony de Francisci, ilichongwa kwa kimo kikubwa. Zilitengenezwa zaidi kidogo ya milioni 1, na nyingi zina nywele bapa katikati kwa sababu mashine hazikuweza kujaza muhuri. Mwaka 1922 kimo kilipunguzwa. Sarafu za mwaka 1921 na za 1922 hufanana kwa mtazamo wa haraka, lakini kila moja inahitaji kipimo chake.

## Muhuri uliochakaa au kusuguliwa

Mwaka 1922 senti za Marekani zilitengenezwa Denver pekee, na zote zilipaswa kuwa na alama ya herufi D. Mihuri michache ilitumika na kusuguliwa hadi herufi hiyo ikafifia, na mmoja ukaipoteza kabisa. Senti zisizo na D hutafutwa sana. Zile zinazothaminiwa zaidi zina upande wa mbele uliofifia na upande wa nyuma ulio mkali, kwa sababu muhuri wa nyuma ulikuwa mpya. Huwezi kupanga daraja lake kwa kutazama upande wa mbele, maana ulikuwa hafifu tangu siku ya kwanza. Hutazamwa zaidi masuke ya ngano upande wa nyuma.

Mwaka 1937, Denver vilevile, muhuri wa baisani ulisuguliwa kuondoa alama za kugongana, na mguu mmoja wa mbele wa mnyama ukatoweka. Sarafu za baisani mwenye miguu mitatu zina bei kubwa kuliko za kawaida. Kwato ya mguu uliopotea bado ipo, na mwili wa mnyama una dalili nyingine za muhuri uleule, hivyo mguu uliokwanguliwa kwa kisu hutambulika.

## Alama za ziada

Kwa kuwa sarafu mbili zisizochakaa zinaweza kutofautiana sana kwa ukali wa picha, wapangaji huongeza maelezo pembeni ya namba. Kwa robo dola ya MacNeil hutajwa kama kichwa kimekamilika. Kwa senti 5 yenye picha ya Jefferson, iliyotolewa mwaka 1938, huhesabiwa ngazi za nyumba yake ya Monticello, ambazo zikikamilika ni 5 au 6.

Hapa pia muhuri una neno lake. Ngazi za mchoro wa kwanza zilikuwa na mawimbi na hazikuchongwa kwa ukali. Mwaka 1940 ulitumika mchoro wenye ngazi zilizonyooka. Kukosa ngazi kamili mwaka 1938 ni jambo la kawaida, ilhali katika sarafu za miaka ya baadaye ni dalili ya kugongwa vibaya au ya muhuri uliochakaa.

## Mifano ya Afrika ya Mashariki

Katika karne ya 19 sarafu kubwa ya fedha iliyotumika sana Zanzibar na pwani ya Afrika ya Mashariki, na pia Uhabeshi na Uarabuni, ilikuwa reale ya Maria Theresa wa Austria. Baada ya malkia huyo kufariki mwaka 1780 iliendelea kugongwa kwa tarehe ileile ya 1780, kwanza Austria, na katika karne ya 20 pia Roma, London na miji mingine. Tarehe yake haisemi umri. Mahali na wakati wa kutengenezwa hutambulika kwa alama ndogo za muhuri, kama manyoya ya mkia wa tai na lulu za kipini begani mwa malkia. Wafanyabiashara waliokagua lulu hizo kabla ya kuipokea sarafu walikuwa wakifanya kwa macho yao kazi ambayo wapangaji wa leo huifanya kwa kioo cha kukuzia.

Mfano wa pili ni sarafu za Tabora za mwaka 1916. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani lilikosa njia ya bahari, na serikali yake ikagonga sarafu za dharura huko Tabora: heller 5 na heller 20 za metali ya kawaida, na rupia 15 za dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke. Vifaa vilikuwa haba na mihuri haikulingana. Katika heller 20 kuna taji kubwa na taji dogo, na herufi L za neno la thamani zina ncha zilizochongoka au zilizopinda. Katika rupia 15, yenye picha ya tembo mbele ya milima, nakshi ya upande mmoja huishia chini ya herufi T katika aina moja na chini ya herufi A katika aina nyingine. Heller 20 nyingi zina uso wenye mikwaruzo na maandishi yasiyojaa. Ukilinganisha na rupia nzuri zilizogongwa Ujerumani kabla ya vita, karibu zote zingeonekana zimechakaa. Kipimo cha haki ni kuzilinganisha zenyewe kwa zenyewe.

## Bei na udanganyifu

Tofauti ya daraja moja inaweza kuongeza bei mara kadhaa, hivyo kosa la kusoma muhuri lina hasara pande zote mbili. Mwuzaji asiyejua hutoa sarafu isiyochakaa kwa bei ya iliyochakaa. Mnunuzi asiyejua huambiwa kwamba sarafu iliyosagika "iligongwa kwa udhaifu tu" na kulipa zaidi.

Udanganyifu wa kawaida ni kukwangua herufi D kwenye senti ya mwaka 1922 na kuchonga upya nywele au manyoya yaliyofutika. Mbinu hizi hugunduliwa kwa kulinganisha na muhuri halisi, kwa kuwa mchongaji wa leo hawezi kufuata mistari yote ya awali. Wapo pia wanaotumia asidi kurudisha tarehe iliyofutika kwenye senti 5 za baisani. Tarehe huonekana kweli, maana metali iliyobanwa chini ya tarimu zake hulika tofauti na ile ya kando. Hata hivyo uso wa sarafu huharibika, na wapangaji huihesabu kuwa sarafu iliyoharibiwa.

Kusafisha kwa kusugua, hata kwa nia njema, huondoa mng'ao wa kiwandani, nao ndio ushahidi mkuu wa kutenganisha kugongwa kwa udhaifu na kuchakaa. Sarafu ya zamani iliyokutwa nyumbani ni bora iachwe ilivyo hadi itakapochunguzwa.

## Hatua za uchunguzi

Kwa kawaida mpangaji hufuata utaratibu huu:

1. Kutambua nchi, thamani, mwaka na alama ya kiwanda.
2. Kutambua aina ya mchoro na ya muhuri kwa alama zisizolika upesi, hasa zile zilizo chini karibu na ukingo.
3. Kulinganisha na sarafu isiyochakaa ya aina hiyohiyo, au picha yake, wala si ya mwaka mwingine.
4. Kuinamisha sarafu chini ya taa moja ili kuona kama mng'ao unapita juu ya sehemu zilizo bapa au unakatika.
5. Kutazama pande zote mbili. Kuchakaa kwa kawaida hugusa pande mbili, lakini muhuri uliochakaa huweza kuwa wa upande mmoja tu.
6. Kutoa daraja kwa kiasi cha kuchakaa, kisha kueleza kando ubora wa kugongwa na hali ya muhuri.

## Tazama pia

* Sarafu
* Pesa
* Dola
* Rupia
* Shilingi